Tarzan kufanywa upya: filme zinaacha nini, zinarudisha nini

Mwaka wa 2022, magazeti ya sinema ya Marekani yaliandika kwamba kampuni Sony Pictures imenunua haki za kufanya filme mpya za Tarzan, na kwamba inataka kumuanzisha upya kabisa huyo mtu wa porini ili afae kwa watazamaji wa leo. Kwa wasomaji wengi wa dunia ilikuwa habari ndogo. Kwa wakaaji wa Kongo iko na uzito wake, juu ya sababu moja: historia ya Tarzan, tangu ukurasa wake wa zamani, inagusa Kongo ya mfalme Léopold II, na karibu filme zote zilizoifuata zimeficha jambo hilo.

Kwa hiyo, wakati watu wanabishana kama filme za zamani zinapashwa kurudiliwa ao kuachwa zipumzike, Tarzan ni mfano mzuri wa kupimia.

Kurudilia na kuanza upya

Kuna namna mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kurudilia filme: hadithi ni ileile, watu walewale, ila wachezaji wapya na mashine mpya za picha. The Lion King ya 1994 ilichorwa kwa mkono. Ya 2019, iliyoongozwa na Jon Favreau, ilitengenezwa kwa kompyuta mpaka simba wakafanana na simba wa Virunga. Hadithi haikubadilika sana. Namna ya pili ni kuanza upya: wanachukua jina la mtu anayejulikana, wanaweka pembeni filme zote zilizotangulia, kisha wanamjengea maisha mengine. Hivyo njo Sony inataka kwa Tarzan.

Sababu kubwa ni feza. Filme ya Hollywood inaweza kula dola milioni 200 mbele ya mtu hata mmoja kulipa tiketi. Mwenye kutoa feza hizo anaogopa. Jina ambalo mzazi analijua tangu utoto linapunguza woga: mzazi atalipa tiketi yake na ya watoto. The Lion King ya 2019 iliingiza zaidi ya dola miliari 1,6 ulimwenguni. Mwaka wa 2025, Lilo & Stitch iliyorudiliwa na watu wa kweli ilipita dola miliari moja. Lakini jina peke yake si dawa. Mwaka uleule wa 2025, Snow White, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200, ilianguka vibaya. Hata hivyo kampuni hazikuacha: Moana, katuni ya 2016, ilipangiwa kutoka na watu wa kweli Julai 2026, miaka kumi tu kisha ile ya kwanza. Mtoto aliyeangalia ya kwanza akiwa na miaka sita hajamaliza hata masomo ya sekondari, na tayari anaambiwa ni kumbukumbu ya zamani.

Maoni juu ya kazi hii yako mengi, na hayafanani. Wako wenye kusema ni uvivu: watu wenye feza zote hizo wanashindwa kutunga hadithi mpya. Wako wenye kujibu kwamba mtoto wa leo hataki kuangalia picha nyeusi na nyeupe, na kwamba hadithi isiyorudiliwa inakufa. Hawa wa pili wako na haki kwa jambo moja ambalo kila nyumba ya Kivu ao Ituri inalijua: hadithi ya sungura na fisi inasimuliwa kila usiku, na hakuna mtoto anayelalamika kwamba ameisha kuisikia jana. Anayesimulia vibaya ndiye anayelalamikiwa. Anayeruka sehemu ndiye anayerudishwa nyuma.

Basi ulizo la kuuliza si kama hadithi inarudiliwa. Ni sehemu gani zinarukwa, na kama zinarukwa kila mara zilezile.

Pahali panabadilishwa kama shati

Mfano mmoja wa zamani unaonyesha vizuri namna Hollywood ilivyozoea kuona nchi zetu. Mwaka wa 1932, mchezaji Clark Gable alicheza ndani ya Red Dust, filme ya mwanaume katikati ya wanawake wawili, kwenye shamba la mpira huko Indochina. Mwaka wa 1953, miaka 21 kisha, filme hiyo ikarudiliwa kwa jina la Mogambo. Mwanaume akabaki Clark Gable mwenyewe, sasa mwenye mvi. Wanawake walibadilishwa. Na Indochina? Ikawa Afrika, mashamba ya mpira yakawa msako wa gorila. Hadithi ya mapendo haikuhitaji kubadilika, juu nchi ilikuwa pazia la nyuma tu. Unaondoa pazia moja, unapachika lingine.

Tarzan alikutwa na jambo hilohilo, tena mbaya zaidi.

Kitabu kilisema nini

Edgar Rice Burroughs, Mmarekani, alitoa hadithi ya Tarzan ndani ya gazeti mwaka wa 1912, kisha ikawa kitabu mwaka wa 1914. Burroughs hakufika Afrika hata siku moja. Kitabu chake kinaonyesha hivyo: pori lake ni la kubuni, lugha ya nyani ni ya kubuni, na maneno yake juu ya watu weusi yamejaa dharau ya wakati ule. Hakuna sababu ya kukipamba.

Lakini ndani yake kuna kitu ambacho wengi walioona filme tu hawakijui. Kijiji cha watu weusi kinachohamia karibu na Tarzan, kijiji cha mkubwa Mbonga, hakikuanguka pale bure. Burroughs anaeleza kwamba watu wale ni wakimbizi. Walikimbia askari wa wazungu waliowasumbua kwa ajili ya mpira na pembe za tembo. Mbali zaidi ndani ya kitabu anamtaja Léopold II wa Ubelgiji kwa jina, anamwita mnafiki mkubwa, na anasema ni ukatili wa maofisa wake uliowafukuza watu hao kutoka Kongo.

Hiyo haikuwa siri wakati ule. Ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ilikuwa imetoka mwaka wa 1904. Mwaka wa 1908, Léopold alilazimishwa kuachia Kongo mikononi mwa serkali ya Ubelgiji. Msomaji wa Chicago mwaka wa 1912 alikuwa ameisha kuona ndani ya magazeti picha za watu waliokatwa mikono. Burroughs aliokota habari ya siku zake na kuiweka ndani ya hadithi ya kufurahisha.

Kisha sinema ikaja, na wakimbizi wale wakapotea.

Masikio ya bandia

Filme ya kwanza ya Tarzan, ya mwaka wa 1918 na Elmo Lincoln, ilipigwa picha Louisiana, Amerika. Ile iliyomfanya Tarzan ajulikane dunia nzima ni ya 1932, na Johnny Weissmuller, mwogeleaji mwenye medali tano za dhahabu za Olimpiki. Alicheza Tarzan mara 12, mpaka mwaka wa 1948. Ni yeye aliyeleta ule mlio ambao hata leo watoto wanaupiga wakirukia majini.

Filme ya 1932 ilitengenezwa Marekani, lakini inaonyesha picha za kweli za Afrika. Zilitoka wapi? Zilikuwa mabaki. Kampuni MGM ilikuwa imetuma watu wake Afrika ya mashariki na ya kati kufanya filme nyingine, Trader Horn, iliyotoka mwaka wa 1931. Walirudi na picha nyingi kuliko walizohitaji, na mwongozaji yuleyule, W. S. Van Dyke, akazipachika ndani ya Tarzan. Tembo walikosekana, basi wakachukua tembo wa Asia, ambao masikio yao ni madogo, wakawafunga masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa Afrika. Mtu wa Garamba ao Virunga akiangalia vizuri atacheka.

Kampuni hiyo ilirudia akili hiyo. King Solomon's Mines, filme ya 1950 iliyokuwa yenyewe imerudilia ya 1937, ilipigwa picha kwetu kabisa: Kenya, Tanganyika, Uganda, Ruanda-Urundi na Kongo ya Wabeljiji. Miaka tisa kisha, picha zilizobaki zilitumiwa kujaza filme nyingine, Watusi, iliyotoka mwaka wa 1959. Watu waliocheza ngoma mbele ya mashine mara moja walionekana ndani ya filme mbili.

Ndani ya Tarzan za Weissmuller, Léopold hayumo. Mpira haumo. Kijiji cha wakimbizi kimegeuka kuwa kundi la watu wenye mikuki ambao wanatokea, wanapiga kelele, wanakufa. Wanakimbia nini? Wanatafuta nini? Hakuna anayeuliza. Katuni ya Disney ya 1999 ilienda mbali zaidi: iliwaondoa watu weusi wote. Pori la Afrika likabaki na nyani, chui, tembo, na wazungu. Wenye kutetea wanasema hiyo ilikuwa njia ya kuepuka matusi ya filme za zamani. Ni kweli matusi yaliondoka. Wenye nchi waliondoka nayo pamoja.

2016: Kongo inatajwa kwa jina

Juu ya hayo yote, The Legend of Tarzan ya mwaka wa 2016 inapashwa kupewa haki yake. Iliongozwa na David Yates, ikagharimu karibu dola milioni 180. Inaanza mwaka wa 1890, na inataja Kongo, Léopold, Boma, madeni ya mfalme, utumwa na pembe za tembo. Kisha zaidi ya miaka 80 ya kukaa kimya, filme kubwa ya Tarzan ilirudisha kile kitabu kilichokisema.

Watu wawili ndani yake waliishi kweli, na habari zao ni kubwa kuliko filme yenyewe.

Wa kwanza ni Léon Rom, adui wa Tarzan, aliyechezwa na Christoph Waltz. Rom wa kweli alikuwa ofisa Mbeljiji ndani ya jeshi la Léopold, na alikuwa mkubwa wa kituo cha Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka wa 1895, msafiri Mwingereza E. J. Glave aliandika kwamba baada ya shambulio moja vichwa 21 vya watu vililetwa pale, na kapiteni Rom akavipanga kuzunguka maua mbele ya nyumba yake. Mtu huyo alipenda pia kuchora na kukusanya vipepeo. Ndani ya filme analiwa na mamba, na watazamaji wanapiga makofi. Ukweli ni mwingine: Rom alirudi kwao akiwa na medali, akafa Bruxelles mwaka wa 1924. Hakuna mamba aliyemgusa, hakuna hakimu aliyemwita.

Wa pili ni George Washington Williams, Mmarekani mweusi, aliyechezwa na Samuel L. Jackson. Ndani ya filme ni rafiki wa Tarzan, anakimbia nyuma yake akihema na kuchekesha watu kidogo. Williams wa kweli hakuhitaji Tarzan. Alipigana vita ndani ya Marekani akiwa kijana, akawa pasta, mwanasheria, mwandishi wa historia, na mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye bunge la Ohio. Alionana na Léopold uso kwa uso Ubelgiji, akasikia maneno mazuri juu ya kazi ya mfalme Kongo. Mwaka wa 1890 akaenda kuangalia mwenyewe. Akapanda mto mpaka Stanley Falls, akiuliza watu njiani. Na ni pale pale, Kisangani, mwezi wa Julai 1890, aliandika barua ya wazi kwa mfalme, akimhesabia makosa moja kwa moja: ardhi iliyochukuliwa kwa udanganyifu wa wakubwa wa vijiji, vijiji vilivyochomwa, watu waliofungwa minyororo, wanawake waliochukuliwa kwa nguvu. Ndani ya barua nyingine, kwa serkali ya Marekani, alitumia maneno ambayo leo yanasikiwa kila siku mahakamani La Haye: makosa dhidi ya ubinadamu. Alifariki Blackpool, Uingereza, Agosti 1891, na miaka 41 tu.

Hapo njo kasoro ya filme ya 2016 inaonekana. Ilirudisha nchi, ikarudisha adui, ikarudisha hata shahidi. Lakini anayeokoa Kongo ni lord Mwingereza anayeruka kwenye kamba, na nyumbu wanaovunja mji wa Boma. Nyumbu Boma! Wakongomani wenyewe wanaokolewa, wanashukuru, wanaimba. Picha zilichukuliwa zaidi ndani ya studio za Leavesden, karibu na London, ambako walijenga pori. Picha za juu, za mito na milima, zilitoka Gabon. Filme iliingiza zaidi ya dola milioni 350 kwa jina la nchi ambayo mashine zake hazikuifikia.

Kurudilia ili kuficha, kurudilia ili kutafuta

Wenye kusoma Tintin wanajua mfano mwingine. Tintin au Congo ya Hergé ilitoka kama kitabu mwaka wa 1931. Ndani yake kuna darasa ambako Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka wa 1946 Hergé alichora kitabu upya kwa rangi, na somo likawa hesabu: mbili na mbili ni ngapi. Ukoloni uliondolewa ubaoni, lakini midomo ya watu weusi na usemi wao wa kijinga vilibaki. Mwaka wa 2007 mwanafunzi Mkongomani aliyeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka mashtaka juu ya kitabu hicho. Mahakama ya Bruxelles ilimkatalia mwaka wa 2012. Kurudilia kwa Hergé kulifuta alama ya mkosaji, hakukuponya aliyekosewa.

Lakini kuna kurudilia kwa namna nyingine. Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti, alikua mtoto Léopoldville, juu wazazi wake walikuja kufanya kazi Kongo kisha uhuru. Karibu mwaka wa 1990 alifanya filme ya ukweli juu ya Patrice Lumumba, kwa picha za kumbukumbu na masimulizi ya mama yake. Miaka kumi kisha, mwaka wa 2000, alirudia hadithi ileile kwa wachezaji, Eriq Ebouaney akicheza Lumumba. Hakurudilia juu ya jina kuuza tiketi. Alirudilia juu ya filme ya kwanza ilikosa picha za mambo ambayo hakuna mtu aliyeyapiga picha: usiku wa Katanga, miili iliyotafutwa kufutwa kabisa. Naye pia hakupiga picha Kongo. Vita ilikuwa imejaa, basi akaenda Zimbabwe na Msumbiji. Tofauti na Leavesden iko wazi: mmoja alizuiwa na vita, mwingine hakuhitaji kuja.

Nani anasimulia kwetu

Kwa mashariki, filme mingi haifiki kama ilivyotoka kiwandani. Inafika ndani ya fleshi ao CD, mara nyingi na sauti ya msimuliaji juu yake, kwa Kiswahili ao Kiganda. Kazi hiyo ilijulikana sana Tanzania kupitia Lufufu, na Uganda ina wasimuliaji wake wengi. Msimuliaji hatafsiri neno kwa neno. Anawapa wazungu majina ya mtaani, anaongeza mashauri, anamtukana adui kwa niaba ya watazamaji. Filme inayorudiliwa na Hollywood inarudiliwa mara ya pili ndani ya nyumba ya video, kwa bei ndogo sana. Msimuliaji mwenye kujua historia anaweza kusema, Rom anapotokea, kwamba huyu alikaa Kisangani kweli na hakuliwa na mamba. Hakuna studio inayoweza kumkataza.

Upande wa sheria, kuna jambo moja ambalo vijana wenye kufanya filme Goma, Bukavu, Bunia ao Kisangani wangefaa kulijua. Burroughs alifariki mwaka wa 1950, na kitabu chake cha kwanza cha Tarzan hakina tena mwenyewe ndani ya Marekani. Mtu yeyote kule anaweza kukichukua na kukitumia. Kitu kinacholindwa bado ni jina Tarzan kama alama ya biashara, mikononi mwa kampuni iliyoanzishwa na Burroughs mwenyewe. Ndiyo sababu hata kampuni kubwa kama Sony inanunua haki. Lakini wakimbizi wa mpira, kijiji cha Mbonga, safari ya Williams juu ya mto, barua ya Julai 1890: hakuna alama ya biashara juu yake.

Na watu wa kuifanya wako. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, aliwafuata wahanga wa vita ya siku sita ya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana katikati ya mji huo. Wengine wamekatwa miguu ao mikono. Wanapanda mashua, wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Filme hiyo, En route pour le milliard, ilichaguliwa kwa festivali ya Cannes mwaka wa 2020. Ni mto uleule ambao Williams aliupanda miaka 130 mbele yao. Yeye alienda kusikiliza malalamiko. Wao waliyabeba wenyewe kwenda nayo chini.